Mwalimu wa Jiografia Aliyelea Mabingwa

Riadha ya Kenya inapotajwa, aghalabu hutajwa miguu. Watu husifu nyanda za juu, hewa nyepesi, ugali na mursik, kana kwamba bingwa huota mlimani kama mwanzi. Ni nadra kusikia akitajwa mwalimu. Mimi, niliyeishi na chaki mkononi kwa miaka mingi, naiona kasoro hiyo, na leo ningependa tumtazame mwalimu mmoja.

Mwaka 1976, Bruda Colm O'Connell, mtawa wa Kikatoliki kutoka Ireland, aliwasili Iten, ukingoni mwa Bonde la Kerio, kufundisha jiografia katika Shule ya Upili ya St Patrick's. Alikusudia kukaa miezi michache tu. Hakuwa amesomea ukufunzi wa riadha. Wanariadha wa shule walikuwa mikononi mwa Peter Foster, nduguye Brendan Foster, mwanariadha mashuhuri wa Uingereza. Foster aliporejea kwao, kazi ile ikamwangukia mwalimu wa jiografia.

Angefanyaje mtu asiyejua mbio? Alifanya lile ambalo kila mwalimu mwema hulifanya akikabidhiwa darasa geni: alitazama, akauliza, akasikiliza. Wanafunzi wakawa kitabu chake cha kwanza. Kuuliza si ujinga, na mwalimu asiyeona haya kufunzwa na mwanafunzi wake huishia kumfahamu kuliko anavyojifahamu mwenyewe.

Matunda yake yanajulikana. Peter Rono, aliyepitia shule hiyo, alinyakua dhahabu ya mita 1500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Wilson Kipketer, mwanafunzi mwingine wa hapo, aliyekuja kuikimbilia Denmark, aliweka rekodi ya dunia ya mita 800 mwaka 1997: dakika 1 na sekunde 41.11. Rekodi hiyo ilidumu miaka 13, hadi Agosti 2010 ilipovunjwa na David Rudisha, naye pia mwanafunzi wa Bruda Colm! Wasichana nao hawakusahauliwa. Janeth Jepkosgei, bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 2007, alipitia mikononi mwake.

Kisa cha Rudisha kina funzo la pekee kwetu walimu. Kijana huyo alikuja Iten akijiona mkimbiaji wa mita 400, mbio ambazo babake, Daniel Rudisha, alizipatia medali ya fedha ya kupokezana vijiti kule Mexico mwaka 1968. Mwalimu ndiye aliyemshauri ajaribu mita 800. Mwaka 2006 alikuwa bingwa wa dunia wa chipukizi. Mwaka 2012, jijini London, akashinda Olimpiki kwa rekodi ya 1:40.91. Kati ya mataji hayo mawili ipo miaka sita ya subira. Mwalimu hakumla mbegu kabla ya kumpanda.

Najua watakaonijibu kwamba shule si kiwanda cha medali, na kwamba mtihani wa kitaifa haupimi mbio. Ni kweli. Hata hivyo, nimefundisha mahali ambapo kipindi cha mazoezi ya viungo kiliandikwa kwenye ratiba kwa ajili ya macho ya wakaguzi tu. Saa ilipofika, mwalimu wa hisabati aliingia na rundo la karatasi za marudio, na mpira ukabaki umefungiwa stoo. Watoto wale hawakunyimwa medali. Walinyimwa nafasi ya kuonekana. Yupo mwanafunzi ambaye kipaji chake hakionekani akiwa ameketi.

Jambo la pili ni zito zaidi. Mwaka 2016 Bunge letu lilitunga sheria dhidi ya dawa za kusisimua misuli, maana wanariadha wetu wengi walikuwa wamenaswa. Sheria ni jambo jema, lakini humfika mkimbiaji akiwa mtu mzima, tena mara nyingi baada ya kosa. Samaki mkunje angali mbichi. Anayeweza kumfundisha kijana kwamba ushindi wa wizi si ushindi ni yule aliye naye akiwa na miaka 15, na asiyetarajia fungu katika zawadi zake. Wakala hujali mbio zijazo. Mwalimu hujali miaka ijayo.

Katika uwanja wa St Patrick's imepandwa miti kwa heshima ya mabingwa waliotoka hapo. Ni desturi njema. Lakini mimi nawakumbuka pia wale wengi waliokimbia chini ya mwalimu yule bila kupata mti wala medali, wakaondoka na cheti, afya na nidhamu. Hao nao ni mavuno yake.

Kwa hivyo, walimu wenzangu, kirudisheni kipindi kile kwa wenyewe. Nanyi wanafunzi, kidaini kwa adabu.