Maktau: Stesheni iliyozaliwa na vita, ikauliwa na mpaka

Ukitoka Voi kwenda Taveta, ukishapita Mwatate na Bura utafika Maktau. Reli ipo, treni haipo. Nimewauliza vijana kadhaa wa huko, nao huniambia ile ni reli ya Mjerumani. Sivyo. Iliwekwa ili Mjerumani apigwe.

Agosti 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, majeshi ya Wajerumani yalivuka mpaka yakaiteka Taveta. Waingereza walitaka kuirudisha, lakini kati ya Voi na Taveta ni nyika kavu. Maji, chakula na risasi vingefikaje? Ndipo mwaka 1915 wakaanza kuchepua reli kutoka Voi, kwenye njia kuu ya Mombasa. Miongoni mwa waliofanya kazi hiyo ni wanajeshi wa reli kutoka India. Maktau ikawa kambi kubwa, na makaburi ya askari wa Kihindi yapo hadi leo. Wajerumani nao walikuwa wakinyemelea na kutega baruti relini.

Machi 1916 Waingereza waliirudisha Taveta. Reli ikasonga mbele hadi Kahe, ikaungana na njia ya Tanga na Moshi. Kilichojengwa kwa ajili ya bunduki kikaja kubeba abiria na mizigo ya raia.

Basi nani aliyeiua? Wengi husema malori. Malori yamechangia, sikatai. Lakini pigo kubwa lilikuja 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, shirika la reli la pamoja likagawanywa, na Tanzania ikafunga mpaka hadi 1983. Reli iliyounganisha nchi mbili ikawa njia isiyotokea. Mizigo ikishazoea njia nyingine, kuirudisha si kazi ndogo.

Sisi wa Mombasa yatuhusu nini? Ndizi za Taveta tunazonunua Kongowea huja kwa lori, na bei ya mafuta ikipanda, anayelipa ni mimi na wewe.

Kwa hivyo, nduguzanguni, kila nisikiapo ahadi ya kuifufua njia hii, mimi huuliza swali moja: wenzetu wa Tanzania wamekubali nini? Kupaka rangi stesheni ni rahisi. Ardhi ya reli ilindwe isinyakuliwe, na mazungumzo yaanzie mpakani. Bila Kahe, Maktau haiamki.