Jiwe la Mugere na Kambi ya Mwaka 1871

Yapata kilomita 12 kusini ya Bujumbura, kando ya barabara iendayo Rumonge, lipo jiwe kubwa la kijivu juu ya kilima cha Mugere, likielekea Ziwa Tanganyika. Jiwe hilo limechongwa majina mawili na tarehe moja: Livingstone, Stanley, 25-XI-1871. Aishiye Cibitoke, upande wa kaskazini wa jiji, aweza kwenda na familia yake na kurudi siku hiyo hiyo.

Wapo wasemao kwamba hapo ndipo wasafiri hao walipokutana kwa mara ya kwanza. Sivyo. Walikutana Ujiji, katika nchi ya Tanzania ya leo, na Stanley mwenyewe aliandika kuwa ilikuwa Novemba 10, 1871. Tarehe ya Mugere ni ya siku 15 baadaye. Hapo palikuwa kambi yao.

Ni jambo gani lililowaleta? Wakati ule mabingwa wa Ulaya walikuwa wakibishana juu ya chanzo cha Mto Nili. Iwapo Mto Rusizi ulitoka ziwani na kuelekea kaskazini, basi huenda maji ya Tanganyika yaliulisha Nili. Richard Burton na John Speke walifika Uvira mwaka 1858, lakini hawakuweza kuufikia mto huo kwa macho yao.

Stanley na Livingstone waliondoka Ujiji Novemba 16 kwa mtumbwi wa mti wa mvule, walioazimwa na Said bin Majid, mfanyabiashara Mwarabu wa mji huo. Wakafuata pwani ya mashariki kuelekea kaskazini, wakipiga kambi njiani. Katika nchi ya mtawala Mukamba walipumzika siku mbili. Stanley alishikwa na homa, naye Livingstone akamuuguza. Baadaye wakaendelea hadi mlango wa Rusizi, wakaona wazi kwamba maji yake yanaingia ziwani. Disemba 13 walikuwa wamekwisha rejea Ujiji.

Jibu hilo lilipokewa Ulaya kama ugunduzi. Lakini wenyeji wa Uvira walikuwa wamekwisha kuwaambia Burton na Speke, miaka 13 kabla, kwamba Rusizi huingia ziwani. Mvuvi wa pwani hiyo hakuhitaji mgeni kumfundisha mto wa kwao unaelekea wapi. Wageni walichofanya ni kuthibitisha na kuandika.

Kadhalika, jiwe halimtaji Mukamba aliyewakaribisha, wala wapiga makasia, wala Susi, mtumishi wa Livingstone aliyekuwamo safarini. Ni Susi huyo, pamoja na Chuma na wenzao, waliouchukua mwili wa Livingstone hadi Bagamoyo alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia.

Wazazi watakaowapeleka watoto Mugere na wawaachie waisome tarehe wenyewe, kisha wawaulize: ni nani aliyevuta kasia, na ni nani aliyetoa chakula? Wawaonyeshe pia Rusizi, ambao hauko mbali na Cibitoke, wautazame mkondo wake. Tena wawakataze kuchora majina yao juu ya jiwe, kwani maandishi yakifutika, watakaokuja nyuma watabaki na masimulizi ya njiani tu.