Mtihani wa Darasa la Saba, Likizo ya Darasa la Tatu

Nafundisha darasa la tatu katika shule ya msingi ya serikali. Darasa langu halina mtihani wa taifa, kwa hiyo wengi hudhani mambo ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) hayanihusu. Yananihusu sana.

Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba, siku mbili tu. Shughuli yake ndiyo ndefu. Kuna moko, yaani mtihani wa majaribio, ya wilaya, kuna moko ya mkoa, na katikati kuna majaribio ya kata. Kila mara madawati ya kwangu yanabebwa, maana mtahiniwa hukaa peke yake kwenye dawati, na hawa wangu hubanana watatu watatu. Darasa la saba lililozoea vyumba viwili sasa linataka vinne. Hivyo viwili vya ziada vinatoka wapi? Kwetu wadogo.

Siku ya kuandaa vyumba tunabandua kila kitu ukutani: jedwali la kuzidisha, ramani ya Tanzania, silabi nilizoziandika kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Chati iliyobandikwa kwa gundi haibanduki salama, na manila mpya hununuliwa kwa pesa ya mwalimu. (Hilo nalo liandikwe mahali.)

Mtihani ukianza, watoto wangu wanabaki nyumbani. Kengele haigongwi, askari mwenye bunduki yuko uwanjani, bahasha zinafunguliwa mbele ya watahiniwa. Wasimamizi wanatoka shule nyingine, na baadhi yetu tunapelekwa kusimamia kwa wenzetu, hivyo kila shule inafungua mlango kwa wageni huku walimu wake wakiwa kwingine. Walimu wa darasa la saba wenyewe wamemaliza miezi kwenye masomo ya ziada. Tangu fomu za OMR, zile za majibu yanayosahihishwa kwa mashine, zianze mwaka 2012, sehemu ya kazi yao ni kumfundisha mtoto aliyesoma miaka 7 namna ya kusiliba kiduara kwa penseli bila kutoka nje ya mstari.

Ulinzi siulaumu. Mwaka 2018 NECTA ilifuta matokeo ya shule zote za msingi za Halmashauri ya Chemba, Dodoma, kwa sababu ya udanganyifu, na watoto wakarudia mtihani Oktoba. Cheti kisichoaminika hakimsaidii mtu.

Ninacholalamikia ni kwamba vipindi vilivyopotea havina mwenyewe. Septemba ikipita inakuja zamu ya darasa la nne na upimaji wao wa kitaifa, tunahama tena. Mtoto aliyekuwa anaanza kusoma aya nzima bila kukwama anarudi akiwa anadonoa silabi, na Desemba mzazi ananiuliza mimi.

Sera ya Elimu, toleo la 2023, inaifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka 6. Mitihani itapangwa upya. Basi wanaopanga wapange na siku za kufidia vipindi vya madarasa yasiyofanya mtihani, ziandikwe kwenye kalenda ya shule tangu Januari. Nanyi wazazi, kwenye kikao kijacho msiulize ufaulu wa darasa la saba peke yake. Ulizeni darasa la tatu limesoma siku ngapi.