Kutoka Sûreté hadi ANR: majina yamebadilika, mazoea je?

Mwaka 2019, Raisi Félix Tshisekedi aliagiza kasho za shirika la upelelezi ANR zifungwe. Raia wengi walishangilia. Lakini historia ya Kongo inaonyesha kwamba kufunga mlango wa kasho ni kazi nyepesi kuliko kuondoa mazoea yaliyoijenga.

Mazoea hayo ni ya tangu wakati wa Wabelgiji. Dekreti ya mwaka 1910 ilimfunga kila mwenyeji kwa chefu wake. Aliyetaka kuhama alihitaji karatasi ya ruhusa, passeport de mutation. Kwa njia hiyo utawala ulijua nani yuko wapi, nani alipe kodi, nani apelekwe kazini.

Dini nazo zilichunguzwa. Simon Kimbangu alikamatwa mwaka 1921, akafa gerezani Élisabethville, leo Lubumbashi, mwaka 1951. Wafuasi wake na wale wa Kitawala walihamishiwa mbali na kwao kwa amri ya utawala tu, bila kufika mbele ya mahakama.

Uhuru ulipofika mwaka 1960, Sûreté ya mkoloni haikuvunjwa. Ilipata wakubwa wapya, Victor Nendaka akaiongoza. Chombo kilichowachunguza wapigania uhuru kikabaki mikononi mwa Wakongomani, dhidi ya Wakongomani wenzao.

Mobutu aliongeza itikadi. Chini ya MPR, chama kilichoundwa mwaka 1967, kila Mzairwa alihesabiwa mwanachama, apende asipende. Hivyo aliyekosoa chama alionekana msaliti wa taifa, na kumpeleleza kukaitwa kulinda inchi. Sûreté ikawa CND, kisha AND, kisha SNIP. Mwaka 1997, chini ya Laurent-Désiré Kabila, ikaja ANR.

Kila utawala ulibadilisha jina. Swali lililobaki ni moja: upelelezi unalinda inchi ao unalinda kiti?

Katiba ya mwaka 2006 imelijibu. Kifungu cha 18 kinasema mtu aliyekamatwa hawezi kuzuiliwa zaidi ya saa 48 bila kufikishwa mbele ya wenye sheria, na kwamba aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa, kwa luga anayoielewa. Kifungu cha 31 kinalinda siri ya barua na simu.

Mkoloni hakumpa mwenyeji haki ya kuuliza kwa nini anafuatwa. Raia wa leo anayo, na familia ya aliyekamatwa inaweza kuanzia hapo: kuuliza sababu, na kuhesabu saa.