Mpiga udi mmoja, sauti tatu

Sisi wapenzi wa taarabu hapa Maskati tuna shida moja: udi upo, wenzetu wa kupiga nao wako Unguja. Mimi nimejisaidia kwa lupa, kimashine cha kukanyaga.

Ukikanyaga mara ya kwanza, kinarekodi. Ya pili, kinarudia. Ya tatu, unaongeza sauti juu yake. Boss RC-1 inabeba dakika 12.

Naanza kwa kugonga tumbo la udi kwa vidole kama dumbak, nafuatisha nyuzi nene, kisha napiga muziki wenyewe. Siri ni kukanyaga sawa na pigo la kwanza. Ukichelewa kidogo tu, mzunguko wote unapinda.

Lakini mashine haikusikilizi. Ukipunguza mwendo, haikungoji. Kwa hiyo jamaa wakija Iddi, izimeni jamani, mpige pamoja.