Mafuta ya Taa na Pafu la Mtoto

Mkaazi wa Tibirinzi hana haja ya kusafiri mbali ili ajue namna mafuta yanavyotenganishwa kwa joto. Katika wilaya hiyo hiyo ya Chake Chake kipo kiwanda cha makonyo cha Wawi. Humo mvuke hupitishwa katika makonyo ya karafuu, ukachukua mafuta yaliyomo, kisha ukapozwa hadi ukarudi kuwa kimiminika. Hapo mafuta na maji hujitenga. Mafuta ghafi yatokayo ardhini nayo hutenganishwa kwa kuchemshwa na kupozwa, ingawa kwa joto kali zaidi. Kuielewa kazi hiyo kuna faida kwa afya, kwani ndiko kunakotueleza kwa nini mtoto aliyekunywa mafuta ya taa hatakiwi kutapishwa.

Mafuta ghafi ni mchanganyiko wa viambato vingi vya kaboni na hidrojeni. Vilivyo vidogo huchemka upesi. Vilivyo vikubwa huchelewa. Kiwandani mchanganyiko huo hupashwa joto hadi kiasi cha nyuzi 350 za Sentigredi au zaidi, kisha huingizwa katika mnara mrefu ambao chini ni moto na juu una ubaridi kiasi. Mvuke hupanda, na kila kiambato hugeuka kimiminika kinapofika mahali penye joto linalokifaa. Gesi ya kupikia hutoka kileleni, ikifuatiwa na petroli, mafuta ya taa, kisha dizeli. Mabaki mazito ya chini hutoa vilainishi vya mitambo, mafuta ya mgando ya kupaka, na lami ya barabara. Katika pwani yetu kazi hii ilifanywa Changamwe, Mombasa, tangu 1963 hadi 2013, na Kigamboni, Dar es Salaam, kuanzia 1966.

Nafasi ya mafuta katika mnara humweleza tabibu madhara yake. Yaliyotoka chini ni mazito na hutiririka polepole. Mafuta ya taa ni mepesi na hayana mnato. Hutambaa haraka juu ya kila kinachoguswa. Mtoto anapoyameza hupaliwa na kukohoa, nayo huteleza hadi katika njia ya hewa. Kiasi kisichofika hata kijiko cha chai kinatosha kudhuru pafu. Humo huharibu utando mwembamba unaozuia vifuko vya hewa visinywee, pafu likavimba, na oksijeni ikashindwa kupita. Kwa hiyo hatari kubwa ya mafuta ya taa iko katika pafu kuliko tumboni.

Kumtapisha mtoto ni kuyapitisha mafuta kooni mara ya pili, na kuyapa nafasi nyingine ya kuingia katika pafu. Maziwa, madafu, au mafuta ya kula hayaiondoi sumu hii. Hulijaza tumbo tu na kuzidisha uwezekano wa kutapika. Mzazi amvue mtoto nguo zilizorowa, amwoshe ngozi kwa maji na sabuni, kisha ampeleke hospitali mara moja akiwa na chupa iliyohusika. Chupa hiyo ni muhimu, kwa sababu baadhi ya dawa za kuulia wadudu huyeyushwa katika mafuta ya aina hii, na tiba yake ni tofauti.

Kwa mhudumu wa afya, mambo ya kutazama ni kikohozi, kupumua haraka, kukoroma au kuguna wakati wa kupumua, homa na usingizi usio wa kawaida. Apime kiwango cha oksijeni na ampe oksijeni anayehitaji. Asimwoshe tumbo kwa mpira, wala asimpe mkaa wa dawa. Mtoto asiye na dalili yoyote naye aangaliwe kwa muda wa saa 6 walau, kwani picha ya eksirei iliyopigwa mapema huweza kuonekana safi ilhali madhara yanaendelea. Antibiotiki haipaswi kutolewa kwa mazoea. Homa ya saa za mwanzo mara nyingi hutokana na pafu kuunguzwa na mafuta, si vijidudu.

Kanuni hii hii inawahusu watu wazima. Anayenyonya petroli kwa mpira wa kutolea mafuta katika tangi la pikipiki au la mashine ya boti hujiweka katika hatari ile ile. Mafuta mazito nayo yana njia yao: mafuta ya mgando au parafini ya maji yakitiwa puani mara kwa mara hujipenyeza kidogo kidogo hadi katika pafu, bila hata kumkoholesha mtu, na kuleta ugonjwa wa pafu unaojitokeza polepole. Kwa hiyo mtoto mchanga asitiwe mafuta puani kwa ajili ya mafua.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Mafuta ya taa hayana rangi ya kumtisha mtoto, na yakiwekwa katika chupa ya maji au ya soda, mtoto mwenye kiu huyadhani ni kinywaji. Yahifadhiwe katika dumu lake lenye kifuniko kinachobana, liwekwe juu asipofika mtoto, na mafuta ya kibatari au jiko yamiminwe mtoto akiwa mbali. Dukani nako, anayekwenda kununua asipewe mafuta katika chupa ya kinywaji.