Utando wa Sabuni na Swali la Kuwapo

Tutwae uzi wa chuma, tuupinde na kuunganisha ncha zake, tuuchovye katika maji ya sabuni. Tukiutoa, utando mwembamba umejitandika ndani yake. Hauchagui umbo lolote tu: unajivuta mpaka eneo lake linakuwa dogo. Joseph Plateau, profesa wa Gand katika Ubelgiji, alieleza majaribio hayo katika kitabu cha mwaka 1873. Alikuwa amepofuka miaka karibu 30 kabla. Wengine walimtazamia, yeye aliongoza.

Ekwasio ya umbo hilo Lagrange aliitoa tangu 1762. Ni ngumu. Katika ekwasio nyepesi, majibu mawili yakijumlishwa yanatoa jibu la tatu. Hapa sivyo, kwa maana ukali wa mteremko wenyewe unaingia ndani ya hesabu na kuigeuza. Basi wanahesabu wanapita njia ingine: wanatafuta umbo lenye eneo dogo kuliko yote. Likipatikana, tena likiwa laini, ndilo linalotimiza ekwasio.

Lakini njia hii ina shimo. Mwaka 1851 Riemann aliitumia kwa ekwasio nyepesi, akikubali tu kwamba kilicho kidogo kuliko vyote kipo. Mwaka 1870 Weierstrass wa Berlin akapinga. Tazameni: nusu, theluthi, robo, na kuendelea. Hakuna hata moja iliyo chini ya sifuri, walakini hakuna iliyo ndogo kuliko zote. Weierstrass alionyesha mistari ya namna hiyo: kipimo chake chakaribia sifuri kadiri tupendavyo, wala hakuna mstari unaoifikia. Sisi tuliosoma filosofia tunaitambua hatari hii ya kuvuka kutoka wazo mpaka kuwapo. Mtakatifu Tomaso hakumkubalia Anselmo hatua kama hiyo.

Na utando je? Tutwae maumbo mengi, maeneo yao yakizidi kupungua. Yanaelekea umbo moja? Si lazima. Kila moja laweza kuota miiba mirefu, myembamba kama unywele. Mwiba hauongezi eneo ila kidogo sana, lakini unaharibu umbo lote. Kwa hiyo yapasa kuhakikisha mambo mawili: kwamba kati ya maumbo yale tunaweza kuchagua mengine yanayofika umbo moja la mwisho, tena kwamba hapo eneo halirukii juu.

Hilbert aliifufua njia hii kuanzia 1900. Kwa utando, Tibor Radó na Jesse Douglas, kila mmoja peke yake, walitoa uthibitisho katika miaka 1930 na 1931. Douglas hakuanza na eneo. Alipima hesabu ingine, inayotegemea tu namna ya kuuzunguka uzi, na humo miiba haina nafasi. Mwaka 1936, kule Oslo, alipewa medali ya Fields.

Mtu atasema: macho yanauona utando, uthibitisho wa nini? Macho yanashuhudia sabuni, si ekwasio. Tena tutwae duara mbili sawasawa za uzi, zikitazamana. Tukizitenga kupita karibu mara 1,33 ya nusu ya upana wao, utando unaoziunganisha unakatika, kila duara inabaki na wake, na ekwasio nayo haina tena jibu la kuziunganisha.